Samuel Franklin Cody na Mashindano ya Ndege za Kijeshi ya Mwaka 1912

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina mashiko sokoni, ambapo mnunuzi huweza kulishika embe, akalinusa na kuliminya kabla ya kutoa fedha zake. Lakini mnunuzi afanyeje iwapo bidhaa anayoitaka ni ngeni duniani, hajui hata dalili za uzuri wake, na kila mtengenezaji anaapa kuwa chake ndicho chema? Hili ndilo swali lililozikabili serikali za Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20 zilipotaka kununua ndege kwa ajili ya majeshi yao. Jibu lililopatikana lilikuwa kuwaita watengenezaji wote uwanjani, kila mmoja na ndege yake ya mfano, ndege hizo zishindanishwe mbele ya waamuzi, na itakayoshinda ndiyo ipewe zabuni.

Ufaransa ilitangulia kufanya hivyo mjini Reims mwaka 1911, ambako ndege ya Nieuport iliyorushwa na Charles Weymann iliibuka ya kwanza. Uingereza ilifuata mwezi wa Agosti 1912 katika uwanda wa Salisbury, mahali paitwapo Larkhill. Mshindi wa Larkhill hakuwa mhandisi wa chuo wala mwenye kiwanda. Alikuwa mchezaji wa maigizo ya jukwaani mwenye nywele ndefu zilizomfika mabegani, mtu ambaye inaaminika hakuweza kusoma na kuandika ipasavyo. Jina lake lilikuwa Samuel Franklin Cody. Makala haya yanasimulia maisha yake, na kuonyesha jinsi ushindi wake ulivyofichua uwezo na upungufu wa utaratibu wenyewe wa kuzipima silaha kwa mashindano.

Jina la kuazima

Cody alizaliwa tarehe 6 Machi 1867 mjini Davenport, katika jimbo la Iowa, Marekani. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Samuel Franklin Cowdery. Hata hivyo, kwa muda mrefu wa maisha yake watu waliomfahamu hawakulijua jina hilo wala mji huo. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alizaliwa Texas miaka kadhaa kabla ya mwaka huo, na kwamba makuzi yake yalikuwa ya mchungaji wa ng'ombe katika mbuga za magharibi. Watafiti waliochunguza maisha yake baadaye ndio waliotenga ukweli na ngano.

Jina la Cody aliliazima kutoka kwa William Cody, maarufu kwa lakabu ya Buffalo Bill, aliyekuwa na kundi kubwa la maonyesho ya farasi na bunduki. Kijana Cowdery alikuwa mpanda farasi hodari na mlenga shabaha asiyekosa, naye akajiunga na maonyesho ya aina hiyo. Alifunga ndoa na Maud Lee mwaka 1889, na mwaka uliofuata wakavuka bahari kwenda Uingereza kutafuta riziki jukwaani. Ndoa hiyo haikudumu. Baadaye Cody alikutana na Elizabeth King, aliyeitwa Lela, mwanamke aliyekuwa na watoto wake tayari. Waliishi pamoja kama mume na mke hadi kifo kilipowatenganisha, na watoto wa Lela wakalitwaa jina la Cody na kupanda naye jukwaani.

Mashindano yalikuwa sehemu ya maisha yake mapema. Katika miaka ya 1890 alizunguka miji ya Ulaya akiwa juu ya farasi akishindana na waendesha baiskeli mashuhuri, huku watazamaji wakilipa kiingilio. Mwaka 1898 alianza kuonyesha tamthilia aliyoitunga mwenyewe, iliyoitwa The Klondyke Nugget, nayo ikampa fedha nyingi. Fedha hizo ndizo zilizomwezesha kuingia katika jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwa mwigizaji.

Tiara za kumwinua mtu

Cody alivutiwa na tiara. Alichukua umbo la tiara ya sanduku lililobuniwa na Lawrence Hargrave wa Australia, akaliongezea mabawa, na mwaka 1901 akapata hataza ya tiara iliyoweza kumwinua mtu. Mpango wake ulikuwa wa kutumia msururu wa tiara. Tiara ndogo ilitangulizwa juu ili kuivuta kamba, kisha zikafuata kubwa zaidi zilizotelezeshwa juu ya waya huo huo hadi nguvu ikatosha. Mwishowe ilipandishwa tiara iliyobeba kikapu, na ndani yake akakaa mtu mwenye darubini.

Jeshi lilikuwa na sababu ya kuvutiwa na ubunifu huu. Wakati huo macho ya jeshi angani yalikuwa puto lililojazwa gesi na kufungwa kwa kamba. Upepo ulipovuma kwa nguvu, puto liliyumba na kulala upande, likawa halifai kitu. Tiara nayo iliutegemea upepo huo huo. Hivyo basi, siku ambayo puto lilishindwa ndiyo siku ambayo tiara iliweza. Mwaka 1903 Cody alivuka mlango wa bahari ulio kati ya Ufaransa na Uingereza katika mashua iliyovutwa na tiara, na magazeti yakalieneza jina lake. Jeshi la majini lilizijaribu tiara zake, na mwaka 1906 jeshi la nchi kavu likamwajiri kuwa mwalimu mkuu wa tiara huko Farnborough, palipokuwa na kiwanda cha maputo. Shirika la Kifalme la Elimu ya Hali ya Hewa lilimpokea kuwa mwanachama wake, heshima ambayo si haba kwa mtu asiye na cheti chochote.

Farnborough

Huko Farnborough, Cody alishirikiana na Kanali John Capper katika kuunda chombo cha kwanza cha jeshi la Uingereza cha gesi chenye injini, kilichoitwa Nulli Secundus. Tarehe 5 Oktoba 1907 wawili hao waliruka nacho hadi London wakalizunguka kanisa la Mtakatifu Paulo. Upepo mkali uliwazuia kurudi, wakatua Crystal Palace.

Wakati huo huo Cody alikuwa akiunda ndege. Aliipima nguvu ya rafadha, yaani pangaboi linaloivuta au kuisukuma ndege, kwa njia rahisi. Aliifunga ndege kwenye mti kwa kamba, akawasha injini, akasoma kwenye mizani ni uzito gani ilioweza kuuvuta. Tarehe 16 Oktoba 1908 ndege hiyo iliondoka ardhini, ikaruka futi 1,390 kwa muda wa sekunde 27, kisha bawa likagusa ardhi ilipokuwa ikigeuka, nayo ikaanguka. Cody alitoka akiwa hai. Safari hiyo fupi ndiyo inayotambuliwa kuwa ya kwanza rasmi ya ndege yenye injini nchini Uingereza.

Badala ya kupandishwa cheo, Cody alipoteza kazi. Kamati ya serikali iliamua mwaka 1909 kwamba jeshi liachane na ndege, liendelee na vyombo vya gesi, na ndege ziachiwe watu binafsi. Mkataba wake haukuendelezwa. Alichoambulia ni ruhusa ya kuichukua ndege aliyoiunda na kuutumia uwanja wa Laffan's Plain, karibu na Farnborough. Mgala muuwe na haki yake mpe: ruhusa hiyo ilikuwa ndogo, lakini Cody aliitumia yote. Alijenga banda, akaendelea kuunda ndege kwa mianzi, mbao, waya na vitambaa, akisaidiwa na familia yake. Mnamo Agosti 1909 alimbeba abiria wake wa kwanza, Kanali Capper, na kisha akambeba Lela. Oktoba ya mwaka huo akawa raia wa Uingereza.

Ndege zake zilikuwa kubwa mno kwa kipimo cha wakati huo, hata watu wakazibandika jina la makanisa makuu yarukayo. Wapo waliozicheka. Hata hivyo, siku ya mwisho ya mwaka 1910 aliruka kwa muda wa saa 4 na dakika 47 bila kutua, akashinda kombe la Michelin. Mwaka 1911 yaliandaliwa mashindano ya kuizunguka Uingereza yote, umbali wa takriban maili 1,000. Marubani 4 tu ndio waliomaliza. Cody alikuwa wa nne, na ndege yake ndiyo pekee iliyomaliza miongoni mwa zile zilizoundwa Uingereza.

Masharti ya Larkhill

Kufikia mwisho wa mwaka 1911, serikali ilikuwa imebadili nia. Ufaransa ilikuwa imeendelea mbele na Ujerumani haikulala. Kikosi kipya cha anga, Royal Flying Corps, kilikuwa kikiandaliwa, nacho kiliundwa mwaka 1912. Wizara ya Vita ikatangaza masharti ya mashindano ya ndege za kijeshi, yakiwa wazi kwa watengenezaji wa mataifa yote.

Masharti hayo yanastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu ndiyo yaliyoamua kila kitu kilichofuata. Ndege ilitakiwa iletwe ikiwa imefungwa ndani ya sanduku, ifunguliwe na kuunganishwa huku muda ukihesabiwa. Ilitakiwa kumbeba rubani na abiria pamoja na mzigo, ikiwa na mafuta ya kutosha kuruka saa 4 na nusu. Ilitakiwa kukaa angani saa 3 mfululizo, ipande hadi futi 4,500, na ifikie kasi isiyopungua maili 55 kwa saa. Ilitakiwa kupaa kutoka katika majani marefu au shamba lililochimbuliwa, na kutua katika shamba lililolimwa. Kisha ilitakiwa ishuke kwa kuteleza hewani injini ikiwa imezimwa, ili ijulikane ingeweza kufika umbali gani iwapo injini ingekufa juu ya adui.

Haya yalikuwa maswali ya askari. Yalimwona rubani kama mpelelezi anayetumwa kuchungulia nyuma ya mstari wa adui, atue kwenye shamba lolote, afungashe ndege yake na kuhama na jeshi. Swali la jinsi ndege moja ingeweza kupambana na nyingine angani halikuwamo. Wala halikuwamo swali la kama ndege hiyo ingeweza kuundwa kwa mamia na mafundi wa kawaida, na kurushwa na vijana waliojifunza kwa wiki chache tu.

Maandalizi ya Cody yalikaribia kuishia patupu. Alikuwa na ndege mbili alizokusudia kuzipeleka. Mapema mwezi wa Julai 1912, ile ya mabawa pacha iliyoizunguka Uingereza iliharibika vibaya katika ajali. Siku chache baadaye, tarehe 8 Julai, ndege yake mpya ya bawa moja ilimgonga ng'ombe ilipokuwa ikitua. Ng'ombe alikufa na ndege ikavunjika. Yalikuwa yamesalia majuma machache tu. Mtu mwingine angekata tamaa. Cody alikusanya mabaki, akachukua injini ya Austro-Daimler ya nguvu farasi 120 kutoka katika ndege iliyomuua ng'ombe, akaunda ndege nyingine ya mabawa pacha. Hiyo ndiyo aliyoingia nayo Larkhill.

Ushindi

Zaidi ya ndege 30 zilikuwa zimesajiliwa. Nyingine hazikufika, na nyingine zilifika zikashindwa kupaa. Agosti hiyo ilikuwa ya mvua na upepo mwingi usio wa kawaida, na mara nyingi mashindano yalisimama marubani wakingoja mabandani. Tarehe 13 Agosti rubani R. C. Fenwick alikufa alipoanguka na ndege yake ya aina ya Mersey. Kila ndege ilionyesha wema wake mahali fulani. Ndege ya Avro, kwa mfano, ilikuwa na chumba kilichofunikwa, na iliunganishwa kwa muda usiozidi robo saa. Lakini iliyofaulu katika jaribio moja ilianguka katika lingine.

Cody alizipita zote. Injini yake yenye nguvu iliuinua mzigo, na umbo kubwa la ndege yake, lile lililochekwa, likastahimili mashamba yenye matuta. Isitoshe, aliyekuwa kwenye usukani ni mtu aliyeijua kila waya ya ndege hiyo kwa kuwa aliikaza kwa mkono wake mwenyewe. Waamuzi walipojumlisha, Cody alikuwa wa kwanza kwa mataifa yote na wa kwanza kwa Waingereza. Alipewa jumla ya pauni 5,000. Ndege ya Kifaransa ya Deperdussin ilimfuata. Kwa mtu aliyefutwa kazi na jeshi hilo hilo miaka 3 kabla, hapakuwa na jibu lililo wazi kuliko hilo.

Hata hivyo, palikuwa na ndege nyingine Larkhill ambayo haikuandikwa katika orodha ya washindani. Iliitwa B.E.2. Ilikuwa imeundwa na Geoffrey de Havilland katika kile kiwanda cha serikali cha Farnborough, ambacho sasa kiliitwa Royal Aircraft Factory. Msimamizi wa kiwanda hicho, Mervyn O'Gorman, alikuwa miongoni mwa waamuzi. Kwa sababu hiyo ndege yake haikuruhusiwa kushindania tuzo, ingawa ilirushwa uwanjani na kupitia majaribio yale yale. Ikiwa na injini ya nguvu farasi 70 tu, iliruka kwa wepesi uliowashangaza waliokuwapo. Tarehe 12 Agosti, de Havilland alipanda nayo hadi futi 10,560, akavunja rekodi ya Uingereza. Abiria wake siku hiyo alikuwa Meja Frederick Sykes, naye pia mwamuzi wa mashindano.

Baada ya shangwe

Wizara ya Vita ilitimiza ahadi yake kwa Cody kwa kiasi tu. Ndege mbili za aina yake zilinunuliwa na kupewa kikosi cha anga. Ile ambayo haikushindana, B.E.2, ndiyo iliyoagizwa kwa wingi kutoka kwa makampuni mbalimbali.

Ni rahisi kuuona uamuzi huu kama dhuluma dhidi ya mnyonge, na wapo walionung'unika kwamba serikali ilikuwa mchezaji na refa kwa wakati mmoja. Lawama hiyo ina uzito. Mashindano yanayoendeshwa na mtu mwenye bidhaa yake pembeni hayawezi kukwepa shaka, hata kama bidhaa hiyo ni bora kweli. Lakini upo ukweli mwingine usioweza kupuuzwa. Ndege ya Cody ilikuwa ndege ya Cody. Iliutegemea mwili wake mkubwa, mikono yake yenye nguvu na uzoefu wake wa miaka mingi. Alipoondoka kwenye usukani, sehemu ya ubora wake iliondoka naye. Tarehe 28 Aprili 1913, moja ya ndege zile mbili ilivunjika hewani ikiwa mikononi mwa Luteni Rogers-Harrison, naye akafa. Jaribio la Larkhill lilikuwa limepima kile ambacho ndege ingeweza kufanya katika mwezi mmoja ikiwa na mwenyewe. Halikupima kile ambacho ingefanya katika mwezi wa nane ikiwa na mwingine.

Wala si kwamba B.E.2 iliyopendelewa ilitoa jibu la kudumu. Ilipozuka Vita Kuu, ndege za aina hiyo zilikuwa miongoni mwa za kwanza za Kiingereza kutua Ufaransa, mnamo Agosti 1914. Zilisifiwa kwa utulivu wao hewani, kwani rubani aliweza kuchora ramani bila kuhangaika na usukani. Kufikia mwaka 1915 Wajerumani walileta ndege za Fokker zenye bunduki iliyofyatua risasi kupitia kati ya mapanga ya rafadha. Utulivu uliokuwa sifa ukageuka kuwa mtego, kwa maana ndege isiyopenda kuyumba haiwezi kumkwepa anayeiwinda. Ndege zipatazo 3,500 za ukoo huo ziliundwa kabla ya vita kwisha, na vijana wengi walifia humo. Masharti ya mwaka 1911 hayakuwa yameuliza swali ambalo vita viliuliza mwaka 1915.

Kifo na maziko

Cody hakuishi kuyaona hayo. Baada ya Larkhill alianza kuunda ndege kubwa zaidi, iliyoweza kutua majini, kwa ajili ya mashindano mengine ya kuizunguka Uingereza yaliyoandaliwa na gazeti la Daily Mail. Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1913 aliirusha karibu na Farnborough akiwa na abiria, W. H. B. Evans, mchezaji mashuhuri wa kriketi. Ndege ilivunjika hewani. Wote wawili walitupwa nje, wakafa. Uchunguzi uliofuata ulitaja udhaifu wa muundo. Alikuwa na umri wa miaka 46.

Mazishi yake yalikuwa ya kijeshi, katika makaburi ya wanajeshi ya Aldershot, ambamo hapakuwa pamezikwa raia kabla yake. Makumi ya maelfu ya watu walijipanga kando ya barabara kumsindikiza. Waliokuwapo ni pamoja na askari aliowafundisha tiara na wanakijiji waliozoea kumwona akipita juu ya mapaa yao. Jeshi lililosita kununua ndege zake halikusita kumzika kama mmoja wao. Mwanawe Frank, aliyezaliwa na Lela mjini Basel, alijiunga na kikosi cha anga naye akauawa vitani Januari 1917 akiwa rubani.

Mojawapo ya ndege mbili zilizonunuliwa baada ya Larkhill ingalipo, imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi mjini London. Ule mti aliofungia ndege yake ulilindwa kwa miaka mingi, na ulipokufa ukafanyiwa mfano wa alumini. Mwaka 2013, miaka 100 baada ya kifo chake, sanamu yake ilisimamishwa Farnborough.

Hitimisho

Maisha ya Cody yana mafunzo kwa msomaji wa wasifu. Huyu ni mtu aliyejitungia jina, mahali pa kuzaliwa na utoto. Jukwaani hapakuwa na mtu wa kumwuliza ushahidi. Kisha kwa hiari yake akaingia katika uwanja ambapo masimulizi hayakusaidia kitu. Ndege ama ilipaa ama haikupaa, na saa ya mwamuzi haikujali lakabu ya mtu wala urefu wa nywele zake. Alishinda humo kwa haki. Hiyo ndiyo nguvu ya kupima kwa mashindano: utaratibu huo humpa asiye na cheti nafasi ya kumshinda mwenye kiwanda, kwa ushahidi ambao kila mtu ameuona.

Lakini maisha hayo hayo yanaonyesha mpaka wa utaratibu huo. Mashindano hujibu swali lililoulizwa, hata likiwa si swali linalohitajika. Mataifa yaliyofuata yameliona jambo hili mara nyingi. Mwaka 1974 Marekani ilizishindanisha angani ndege mbili za mfano, YF-16 na YF-17. Mwanzoni mwa mwaka 1975 jeshi la anga lilichagua ya kwanza. Jeshi la wanamaji, lenye maswali yake kuhusu kutua juu ya meli, likaichukua iliyoshindwa, ikafanyiwa marekebisho na kuwa F/A-18, nayo ikatumika kwa miongo mingi. Mshinde wa uwanja mmoja alikuwa chaguo la uwanja mwingine.

Kwa hiyo methali iliyotangulia haina budi kufasiriwa upya. Chema hujiuza pale tu ambapo mnunuzi anajua atakitumia kwa kazi gani. Waamuzi wa Larkhill walikuwa na saa, mizani na shamba lililolimwa, nao wakavitumia kwa uaminifu. Kilichowapungukia ni kuijua vita ambayo bado haijafika. Cody aliwajibu yote waliyomwuliza. Mwaka mmoja baadaye alikuwa kaburini Aldershot, na maswali yaliyobaki wakajibu vijana waliorithi anga baada yake, akiwamo mwanawe.